Radi, farasi mstaafu asiyekubali kushikwa mguu: uchambuzi wa kisa

Swali nililoletewa, mimi daktari wa farasi, na familia moja ya Karen, viungani mwa Nairobi, lilikuwa fupi: farasi wetu ni mzee, anachechemea na ni mkorofi, tumfanye nini? Jina lake halisi si Radi, ila tumwite hivyo, na mambo mengine madogo nimeyageuza ili wenyewe wasitambulike. Nakiandika kisa hiki kwa sababu uamuzi wa aina hii kwa kawaida hujadiliwa sebuleni na watu wasiomgusa farasi kila siku, huku anayemgusa amebaki nje ameshika ndoo.

Radi ni thorobredi, yaani farasi wa jamii ya mbio, dume aliyehasiwa, mwenye miaka 17 na uzito wa kilo 480 hivi. Ujanani alikimbia Ngong, kwenye uwanja wa Jockey Club of Kenya. Alipoacha mbio akauzwa kuwa farasi wa kuruka vizuizi, na binti wa nyumba hii akashindana naye miaka kadhaa. Baadaye binti akaenda kusoma Uingereza. Radi alikuwa tayari ameanza kukataa vizuizi, kisha akaanza kuchechemea, akapumzishwa, na mapumziko hayo yakageuka kustaafu bila mtu yeyote kutamka kwamba amestaafu. Amekaa miaka mitatu akila nyasi kavu na pumba, akichanjwa kila mwaka, akiishi uwanja mmoja na punda jike wa kumpa kampani.

Ukorofi wake ulikuwa na sifa mtaani. Mtunza bustani aling'atwa begani. Fundi wa kwato wa kwanza aliapa kutorudi. Wa pili alipigwa teke la mguu wa mbele, na teke la mbele la farasi ni hatari kwa kuwa halitarajiwi. Akifungwa kamba, hujivuta nyuma kwa nguvu zote mpaka kitu kikatike. Mtu pekee aliyeingia bandani kwake bila fimbo ni saisi, yaani mtunza farasi, mzee ambaye amemlea tangu alipoletwa.

Nyumbani kulikuwa na maoni manne. Mama hakutaka kusikia habari ya kumuua. Baba alikuwa amepiga hesabu ya mwezi: mshahara, nyasi, fundi, dawa. Binti, kwa simu, alitaka Radi atafutiwe mahali pa kuzeekea. Mkufunzi wao wa zamani alikuwa na jawabu tayari: kuna shule ya upandaji inayotafuta farasi wa bure, wampe, watoto wadogo wampande kwa kutembea tu. Maoni yote manne yalichukulia kuchechemea kuwa jambo moja na ukorofi kuwa jambo jingine. Mimi nilitaka kwanza kujua kama ni kweli.

Nilimtazama akitembea, kisha akienda matiti, ule mwendo wa kati ya kutembea na kukimbia, saisi akimvuta kwa kamba kwenye sakafu ngumu. Farasi anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga na kukishusha ule mzima unapokanyaga. Kichwa cha Radi kilipanda kila mguu wa kushoto uliposhuka, bila kukosa. Kwa kipimo cha madaktari wa farasi wa Marekani, AAEP, kinachoanzia 0, asiyechechemea, hadi 5, nilimpa 3. Akizungushwa duara kwa upande wa kushoto alizidi. Hatua zake za mbele zilikuwa fupi, akitanguliza ncha ya ukwato badala ya kisigino, kama anayepita juu ya makaa.

Kabla sijatoa sindano nilimuuliza saisi anaonaje.

"Daktari, huyu hakatai watu," akasema. "Anakataa mguu."

Akanipeleka bandani. Kila asubuhi husawazisha maranda ya mbao sakafuni, na kila jioni hukuta vilima viwili mbele, mahali pale pale, na Radi amesimama visigino vikiwa juu ya vilima na ncha za kwato zikiwa chini. Amekuwa akivisawazisha hivyo zaidi ya mwaka akidhani ni mchezo wa farasi asiye na kazi. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kwenda kuieleza sebuleni habari ya maranda.

Vilima hivyo vilikuwa utambuzi nusu. Ndani ya ukwato, kwa nyuma, kuna mfupa mdogo uitwao navikula, na nyuma yake hupita kano nene inayokunja mguu. Farasi hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na kila hatua kano hiyo hukandamiza mfupa huo. Kisigino kikiinuliwa, kano hulegea kidogo na maumivu hupungua. Radi alikuwa amejitengenezea tiba. Thorobredi wengi wana ncha ndefu na visigino vya chini, umbo ambalo huizidishia kano mzigo, na lake lilikuwa baya zaidi kwa sababu mafundi walikuwa wakimkata haraka haraka, wakikwepa mateke, na kukimbia.

Niliganzisha neva za kisigino cha kushoto. Dakika kumi baadaye kichwa kiliacha kupanda kwa mguu wa kushoto na kuanza kupanda kwa wa kulia. Hii hutokea mara nyingi: miguu yote miwili inauma, ila mbaya zaidi huuficha mwenzake. Nikaganzisha na wa kulia. Sasa alitembea sawa. Nikamwambia saisi ajaribu kuinua mguu. Akainama, akateremsha mkono nyuma ya goti, akabana kano kwa vidole viwili, na Radi akautoa mguu. Akaushika, akausafisha kwa kulabu, akaugonga kwa mpini kama fundi anavyogonga msumari. Radi alikuwa akitafuna kamba.

Fikiria mambo yalivyokuwa siku nyingine zote. Ukiinua mguu wa kushoto, uzito wote wa mbele unaangukia wa kulia, nao mbovu. Mwanadamu angesema ngoja kidogo. Farasi ana kujivuta, kung'ata na teke, na kila moja la hayo lilimfanya mtu auachie mguu. Kwa hiyo sehemu ya ukorofi ilikuwa maumivu, na sehemu nyingine ilikuwa somo alilofundishwa na watu wenyewe: ukimtisha binadamu, kinachouma kinaisha. Dawa huondoa sehemu ya kwanza. Ya pili haiondoki kwa dawa.

Ili kujua kila sehemu ina ukubwa gani tulimweka kwenye jaribio la dawa ya maumivu. Fenilibutazoni, gramu moja asubuhi na moja jioni kwa wiki mbili, kisha gramu moja kwa siku. Dawa hii ni ya bei nafuu na inafanya kazi, lakini si ya kuchezea: ikizidi au ikidumu, inachimba vidonda tumboni na kwenye utumbo mpana na kuharibu figo. Picha za eksirei zilikuwa zimeonyesha mabadiliko kwenye navikula zote mbili, ya kushoto zaidi, kwa hiyo hakukuwa na matumaini ya kupona. Tulikuwa tunapima tu maisha yanayowezekana. Fundi alimvika viatu vyenye kabari ya kuinua visigino, mara ya kwanza akiwa amepewa dawa ya kumpumbaza.

Saisi nilimpa kazi ya kumsoma uso. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu kwa uso wa farasi chenye alama sita: masikio yaliyokakamaa kwa nyuma, jicho lililobanwa, mkazo juu ya jicho, misuli ya kutafunia iliyotokeza, mdomo uliokazwa kidevu kikachomoza, na tundu za pua zilizokazwa. Kila moja hupewa 0, 1 au 2. Alijifunza mara moja. Nadhani alikuwa akizijua alama tano kati ya hizo sita kabla sijazitaja. Aliandika kwenye daftari la shule, asubuhi na jioni, na akaongeza safu yake mwenyewe: urefu wa vilima vya maranda, kwa kupima na kiganja.

Daftari hilo liliamua mengi kuliko mimi. Wiki ya pili vilima vilishuka hadi karibu kutoweka. Uso ulitulia. Radi alianza kumfuata punda uwanjani badala ya kusimama kwenye kona. Dozi ilipopunguzwa, vilima vikarudi, si kama awali lakini vikarudi. Kuhusu miguu, alikubali kushikwa na saisi kwa muda wa kutosha kusafisha. Fundi alikubaliwa akiwa na saisi kando, tena mguu mmoja kisha mapumziko, kisha wa pili. Wageni aliendelea kuwang'ata wakati wa ndoo kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Sasa tungeweza kuzungumza juu ya mapendekezo.

La shule ya upandaji nililikataa palepale, na kwa hili sikuwa na upole. Farasi wa bure mwenye maumivu ya visigino akifika mahali penye kazi, jambo rahisi kuliko yote ni kumpa dawa apate kupandwa. Akishindwa hapo atapewa mwingine, bure vilevile, na kila anayempokea anajua kidogo kuliko aliyemtoa. Radi angeuma mtoto kabla ya mwisho wa muhula. Tena kisheria mkono haunawiki kirahisi hivyo: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humtazama aliyesababisha mateso na pia mwenye mnyama aliyeyaruhusu.

Rafiki mmoja wa familia alikuwa na shamba Naivasha, ekari nyingi, farasi waachiliwe huru. Likisikika ni zuri. Nyika huru kwa farasi mwenye miguu mizima ni raha. Kwa Radi ni kokoto za volkano chini ya kisigino kibovu na hakuna mtu wa kumkata kwato kila baada ya wiki sita. Karibu na ziwa pia kuna visubi wengi, wale wadudu wadogo wanaosambaza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Chanjo husaidia, lakini kinga nzuri ni pamoja na kumfungia bandani kabla jua halijazama, na hapo tunarudi palepale: nani atamwingiza bandani?

Jamaa mwingine alitaja Kwale. Huko upande wa Shimba Hills kuna mbung'o, nao huleta nagana, malale ya wanyama, na farasi haivumilii nagana kama ng'ombe wa kienyeji anavyojitahidi. Hilo tuliliacha haraka. La Uingereza, ambalo binti alilifikiria kwa dhati, nalo halikukaa: ugonjwa huohuo wa farasi wa Afrika umefanya kusafirisha farasi kutoka kwetu kwenda Ulaya kuwa safari ndefu ya karantini na gharama, na kumpitisha mzee mwenye kilema kwenye ndege ni kumwongezea, si kumpunguzia.

Lililobaki la kitabibu ni kukata neva za visigino. Hufanywa. Farasi huacha kuhisi sehemu ya nyuma ya ukwato, wengine hutembea vizuri kwa miaka kadhaa, kisha neva zinaweza kuota tena au kufanya uvimbe unaouma. Lakini asiyehisi kisigino hahisi msumari uliomchoma, wala kano inayokaribia kukatika. Anahitaji mtu wa kumkagua kwato kila siku, mikono miwili, bila haraka. Kwa farasi mwingine ningelijadili kwa kirefu. Kwa Radi lilikuwa swali lile lile kwa nguo nyingine.

Ndipo likajitokeza jambo ambalo mkutano wa sebuleni haukulijua. Nilimwomba Mama amwite saisi aketi nasi. Akaketi ukingoni mwa kiti. Baba akamuuliza: "Mzee, wewe unasemaje?"

"Mimi Desemba ninakwenda nyumbani, Vihiga. Magoti yangu yamekwisha. Nilimwambia Mama mwaka jana."

Mama alikumbuka. Alidhani ni likizo.

"Na ukienda, nani atamshika?"

"Vijana watatu wamekuja kujifunza, wameondoka. Atakuja wa nne, tumwone."

Kwangu hapo ndipo kisa kilipofunguka. Tulikuwa tukizungumzia mwisho wa Radi kana kwamba uko ndani ya kwato zake, kumbe ulikuwa kwenye kalenda ya saisi. Wapo watakaoona ni ukatili kupanga kifo cha farasi kwa sababu mfanyakazi anastaafu. Mimi naona kinyume. Kwa mnyama kama huyu, matunzo si kitu kinachoongezwa juu ya maisha; ndiyo maisha yenyewe. Kwato zisipokatwa kwa wiki kumi, ncha zinarefuka, kano inavutika, maumivu yanapanda, naye anazidi kumkataa yule ambaye angemkata. Miongozo ya AAEP kuhusu kumuua farasi kwa huruma inataja, miongoni mwa sababu, maradhi sugu yasiyotibika yenye maumivu ya kudumu, hatari kwa wanaomshika, na kuhitaji dawa ya maumivu maisha yote. Radi alikuwa na kipande cha kila moja. Miongozo si hukumu, na gramu moja kwa siku kwa mzee anayekula vizuri si jambo la kukimbilia sindano. Ila vipande hivyo vilikuwa vinashikiliwa na mtu mmoja.

Tuliandika karatasi. Radi abaki, kwa viatu vya kabari na dozi ndogo, na saisi wa nne aajiriwe sasa, si Desemba, ili wawe pamoja miezi kadhaa. Halafu masharti: fundi akishindwa kumaliza miguu yote miwili ya mbele ziara mbili mfululizo bila dawa ya kumpumbaza, au gramu moja kwa siku isitoshe tena kuzuia vilima, au kijana ashindwe kuingia bandani peke yake, au aumizwe. Moja likitimia, hakuna mkutano mwingine, inapangwa siku, na siku hiyo iwe kabla mzee hajaondoka. Baba alisaini kwanza. Mama alichukua karatasi akakaa nayo wiki nzima, akasaini. Binti alisema asaini yeyote, yeye hasaini.

Kijana alikuwa mzuri. Sina budi kusema hivyo kwa sababu ni rahisi kumlaumu. Mzee alimfundisha kuingia na ndoo akiwa ameelekeza bega, kutomtazama Radi machoni, kungoja masikio yarudi mbele ndipo amwage chakula, na akingojwa vya kutosha Radi aliacha kumrukia. Ndani ya miezi miwili kijana alikuwa akimtoa na kumrudisha peke yake. Ule ukorofi wa kufundishwa, basi, ulikuwa unafundishika upande wa pili, na hilo lilinishangaza kidogo. Kilichoshindikana ni miguu. Mzee aliubana ule mguu kwa namna ambayo Radi aliuamini. Kijana akiinama tu, farasi alikakamaa kabla hajaguswa.

Mvua za vuli zilipoanza, ardhi ililoa, kwato zikalainika na kiatu cha kushoto kikang'oka. Fundi alikuja, akamaliza mguu mmoja. Akarudi baadaye, akamaliza mmoja tena, ule ule. Daftarini vilima vilikuwa kiganja kizima, na mzee alikuwa ameandika "jicho 2" siku nyingi mfululizo. Masharti mawili yalikuwa yametimia, nami sikuhitaji kuwaeleza. Mama ndiye aliyepiga simu.

Ilifanyika uwanjani kwake asubuhi, punda akiwa jirani amwone na amnuse baadaye, maana mwenza asiyeuona mwili huweza kuita siku nyingi. Kwanza dawa ya kumpumbaza, kisha pentobabitoni, dawa ya kumuua bila maumivu, kwenye mshipa wa shingo. Mzee alishika kamba kwa ombi lake mwenyewe. Tingatinga lilikuwa limeshachimba shimo siku iliyotangulia. Hili nalisisitiza kwa wenye farasi wa Karen na Langata, walio karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi: pentobabitoni hubaki nyamani, na tumbusi au fisi akila mzoga huo anaweza kufa. Mtu mmoja aliomba nyama kwa ajili ya mbwa wake. Alikataliwa kwa sababu hiyohiyo. Ukikosa tingatinga na mahali pa kuzika kina kirefu siku ileile, zungumza na daktari kuhusu risasi, ambayo mikononi mwa anayeijua ni ya haraka na haiachi sumu.

Fundi wa kwato bado anadai Radi angepata msimu mmoja zaidi, kwa kumpumbaza kila ziara. Inawezekana. Lakini hiyo ni dawa ya kumpumbaza kila wiki sita juu ya dawa ya maumivu ya kila siku, kwa farasi ambaye katikati ya ziara hizo hakuna wa kumsafisha kwato. Hoja ya binti ni nzito zaidi: siku ile asubuhi Radi alimaliza ndoo nzima, na farasi anayekula, anasema, hajachoka kuishi. Nilimjibu kwamba hamu ya kula ndicho kipimo pekee ambacho kwa Radi hakikuwahi kushuka tangu nilipomjua, hata wiki alizokuwa akichechemea kwa kutembea tu kutoka bandani hadi kwenye maji.